Jibu: Akili mnemba na picha za ini la mzee

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama ukiibandika ripoti ya CT (picha za mionzi za ndani ya mwili) ya baba kwenye programu ya akili mnemba itakwambia uvimbe ule wa ini ni saratani au la.

Kukufafanulia maneno magumu, itakusaidia, hata mimi huitumia hivyo (futa jina la mzee kwanza). Ila hapo inasoma maandishi ya daktari tu, picha zenyewe haijaziona. Na saratani ya ini inajulikana hasa kwa picha: mgonjwa akichomwa dawa ya rangi, uvimbe hung'aa mapema damu ya ateri inapofika, halafu hufifia kuliko ini linalouzunguka. Ndiyo maana mgonjwa mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) mara nyingi hata hakatwi kinyama cha kupimwa maabara.

Zipo programu za hospitalini zilizofunzwa kuutambua mwenendo huo na kupima uvimbe. Zinatia matumaini, lakini nyingi zimefunzwa kwa wagonjwa wa Asia na Ulaya. Kwetu Afrika watu huugua wakiwa vijana zaidi, wengi kwa virusi vya homa ya ini B, na sumukuvu ya mahindi na karanga huchochea. Mimi singeziamini bila mtaalamu wa mionzi pembeni.

Kamuulize daktari: picha zilipigwa kwa awamu zote, kabla na baada ya dawa ya rangi? AFP (kipimo cha damu cha saratani ya ini) ni ngapi? Ini lina sirosisi?

Halafu ninyi watoto wote kapimeni homa ya ini B. Asiye nayo achanjwe.