Margherita kwa ski? Jibu kwa dada wa Arusha

Dada wa Arusha anauliza: ameshapanda Kilimanjaro, ameona video za Wafaransa wakipanda milima ya barafu mwezi wa nne kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kiongozi akiwa mbele, na anataka kujua kama Margherita yetu, kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori, inapandika hivyo na amtafute kiongozi wa aina gani. Mimi ni mtu wa Kasese, Uganda, chini ya milima hiyo. Nilianza kwa kubeba mizigo, siku hizi naongoza wageni kwenye kamba. Naomba nijibu kwa urefu, maana hilo la kiongozi ni zito kuliko la ski.

Ski ziache. Wageni wa Alps, milima ya Ulaya, niliofungana nao kamba wamenieleza kwao mambo yanavyokwenda. Theluji hujikusanya miezi yote ya baridi, ikifika Aprili imeshikana vizuri. Usiku inaganda, alfajiri wanapanda juu yake wakiwa wamebandika ngozi chini ya ski ili zisirudi nyuma, jua likishalainisha ule uso wa juu wanateremka. Kiongozi wao anapigana na saa, kwa sababu theluji ikilegea sana inaporomoka. Sasa sisi tuko kwenye ikweta. Hatuna miezi ya baridi ya kuweka akiba ya theluji. Baridi yetu ni ya kila usiku na joto letu ni la kila mchana, mwaka mzima, basi theluji inaanguka, inayeyuka, inaganda tena, na miezi ya kiangazi mara nyingi unachokanyaga ni barafu tupu, ngumu, yenye mipasuko. Eneo lenyewe limebaki dogo. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi alipofika kileleni na viongozi wake wa Alps, barafu ya Rwenzori ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 ilikuwa chini ya moja, na haijaacha kupungua. Tena ili ufike hapo unatembea siku kadhaa kwenye matope ya mabonde ya Bigo na Bujuku, ambako gambuti zinazama hadi karibu na goti. Mpagazi wa kubebeshwa ski huko namwonea huruma.

Jambo moja tunalo sawa na hao wa Alps, nalo ni hiyo saa. Kutoka kambi ya Elena, ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,541, tunaamka saa nane usiku. Ukitoka nje unasikia kama usiku umeganda sawasawa: maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye mwamba jioni yamenyamaza. Usiku wa namna hiyo kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, zinauma barafu, meno yanaingia kwa mlio mkavu, na unaweza kuziamini. Kukiwa na mawingu yasiyoruhusu kuganda, unasikia maji bado yanatiririka, na hapo kiongozi mzuri anaanza kufikiria upya kabla hata ya chai.

Ndiyo maana namwomba mtu aliyetoka Kilimanjaro asidanganywe na namba. Uhuru ni mita 5,895, Margherita 5,109, lakini njia za kawaida za Kilimanjaro ni za miguu na pumzi. Huku kuna kamba. Unavuka uwanda wa barafu wa Stanley, unashuka mwambani kwa kushikilia kamba, kisha unapanda barafu ya Margherita yenyewe, ambayo ina mwinuko mkali. Sehemu ile ya mwamba inazidi kurefuka kadiri barafu inavyorudi nyuma, kwa hiyo maelezo ya mtu aliyepanda miaka mingi iliyopita usiyategemee. Njia imebadilika, na itabadilika tena.

Kiongozi utamjua mchana wa kabla ya kilele. Akikwambia "pumzika tu, kesho utaona", dada, hapo pana kasoro. Anayeijua kazi anakutoa nje, anakuvisha kramponi na kukagua mikanda kwa mkono wake, anakuonyesha kutembea miguu ikiwa imeachana kidogo ili meno yasishike suruali, na anakuangusha makusudi mahali salama mpaka ujue kujizuia kwa shoka la barafu. Anakufundisha kuiacha kamba isilegee wala isimvute wa mbele. Mtu akidumbukia kwenye mpasuko, kamba iliyolegea inampa nafasi ya kuanguka mbali na kuwavuta wenzake. Mimi fundo la mgeni nalishika kwa vidole, kwa sababu glavu zikilowa na tochi ya kichwani ikififia, macho yanakudanganya.

Kabla hujalipa, uliza mgeni akiugua Elena anashuka na nani. Kama kiongozi ni mmoja kwa kundi zima, ama wote mnashuka, ama mgonjwa anaachwa kambini, na hilo la pili silikubali kabisa. Nimemshusha mgeni kutoka Elena hadi Bujuku usiku, anayumba, maneno yanamtoka vibaya, na bado anabisha kwamba yuko sawa. Hizo ni dalili za ugonjwa wa kimo, na hazingoji asubuhi. Kutoka Bujuku, mita 3,962, kwenda kulala Elena ni kupanda karibu mita 600 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ukiweza lipia usiku wa ziada Bujuku ili mwili uzoee. Kati ya pesa zote utakazotoa, hizo ndizo ningekusihi usizibane.

Kuhusu mwezi: Aprili isikuvutie kwa sababu ya video. Kwetu Machi hadi Mei ni mvua, na Septemba hadi Novemba vilevile. Njoo kati ya Juni na Agosti, au mwisho wa Desemba mpaka Februari, na hata hapo beba koti la mvua, Rwenzori haina siku ya kuaminika. Viatu vya barafu na kramponi vinakodishwa, ila saizi ndogo za kike huwa chache. Tuma namba ya kiatu chako mapema, na ukifika ujaribu kramponi juu ya kiatu hichohicho ukiwa bado bondeni.