Fundi Wako Akiitwa na Jirani

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye gereji Arusha kaniandikia: "Kaka, fundi wangu wa injini kaitwa na gereji ya jirani. Nimwongeze hela au nimwache aende akaone?"

Hilo "akaone" nalijua. Nimeshalitamka kwa kinywa changu, na bado linaniuma.

Naishi Edmonton, Kanada. Hapa hoki ya barafuni ni kama Simba na Yanga, ila timu ni moja, kwa hiyo hakuna wa kumtania. Mkifungwa mnanuna mji mzima. Tarehe 24 Juni 2024 Oilers, timu yetu ya Edmonton, walifungwa 2–1 na timu ya Florida, mechi ya saba ya fainali. Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi, tukalinusa tu. Julai 1, soko la wachezaji lilipofunguliwa, wakubwa wa timu wakaongeza wakongwe, Jeff Skinner na Viktor Arvidsson, nasi tukashangilia. Vijana wawili, Philip Broberg na Dylan Holloway, mikataba yao ilikuwa imekwisha na mipya hawakuwa nayo.

NHL, ligi yenyewe ya hoki, ina ukomo wa mishahara; msimu ule timu haikutakiwa kupita dola milioni 88. Kijana wa aina hii, mkataba ukiisha, timu yake bado ina haki naye, lakini timu nyingine inaruhusiwa kumpelekea ofa. Akisaini, timu yake ina siku saba: ilipe hela ile ile, au imwachie ipewe fidia ya nafasi katika uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi. Njia hii hutumika kwa nadra, wengi huiona kama kuingilia shamba la mtu. Agosti hiyo timu ya St. Louis Blues wakaingia, tena kwa wawili kwa mpigo: Broberg dola milioni 4.58 kwa mwaka, Holloway milioni 2.29, miaka miwili kila mmoja. Walijipanga hao! Fidia hulipwa kwa nafasi zako mwenyewe, na ya kwao ya raundi ya pili walikuwa wameshaipa timu ya Pittsburgh, basi wakaifuata wakairudisha kwanza. Walijua Edmonton imeshamwaga hela. Agosti 20 Edmonton wakanyoosha mikono.

Nilicheka sana kazini. Nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi na kufyeka theluji, na siku ile niliwahutubia wafanyakazi wangu juu ya viongozi wasioona mbali. Aliyenisikiliza kwa makini kuliko wote ni dada mmoja wa Goma, msimamizi wangu wa zamu ya usiku. Tangu Aprili alikuwa ameniomba nyongeza ya dola mbili kwa saa. Nilimwambia, "Dada, tungoje theluji ianguke." Mwezi Mei nikanunua gari jipya na kuliandika jina la kampuni ubavuni kwa rangi ya dhahabu.

Septemba akaja na barua. Kampuni nyingine imempa dola tatu zaidi. Nikamwambia, "Nenda ukaone."

Akaenda. Mwezi uliofuata kijana wa Mombasa akamfuata, na Novemba ofisi mbili nilizokuwa nikisafisha zikahama nao. Majira ya baridi yaliyofuata siyasimulii, itoshe kusema nilikuwa nikisugua vyoo mwenyewe saa nane za usiku huku gari la dhahabu limeegeshwa nje. Holloway naye msimu huo akafunga mabao 26 huko St. Louis. Kila bao nililiona kama lafungwa kwangu.

Najua mtaniambia Edmonton walifika fainali tena 2025. Walifika, wakafungwa na Florida hao hao.

Sasa nina watu kumi na mmoja na sijapoteza hata mmoja mwaka huu, nalisema hilo bila aibu. Ninachofanya ni kimoja: naongeza kabla sijaombwa. Kila Machi nakaa na mmoja mmoja, namuuliza jirani angempa kiasi gani, nami najua jibu kwa sababu nimeshaulizia. Asiyefika kiasi hicho namfikisha. Wewe unayetaka kukua, anza na mtu aliyeko kabla ya kitu kinachong'aa. Mwongeze kabla hajaomba. Akishaleta barua umechelewa, maana hapo halipwi tena kwa kazi yake, analipwa kwa hofu yako, na yeye anajua. Mnakwenda misikitini na makanisani kuomba baraka za biashara, na aliyeleta baraka yenyewe mnampunja shilingi elfu tano! Tuogope.

Yule dada tunapishana kituo cha treni alfajiri. Hunisalimia, "Habari, bosi," na sijui hilo "bosi" analitamka kwa kebehi au kwa mazoea. Sijamwomba radhi.

Kijana wa Arusha nilimjibu siku ile ile: mwite fundi leo, kabla gereji haijafungwa. Jana kaniandikia tena. Anashukuru sana kwa ushauri, ila wiki hii alikuwa na haraka ya kulipia kompresa mpya. La fundi wataliongea mwisho wa mwezi.