Wadogo zangu wa miradi, kwanza ulizeni shamba ni la nani

Juma lililopita stazhere wetu (kijana wa mazoezi ya kazi) aliniletea mradi wake: kurasa 14, kadre lojike (jedwali la malengo na shughuli) safi, bajeti imefungwa hadi senti. Miche 600 ya avoka kwa akina mama 30 wa Kabare, hapa Kivu Kusini, Kongo, miezi 12. Nikamuuliza: mashamba ni ya nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya nani. "Ya wanufaika, Papa." Nikavua miwani.

Tangu Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, nusu ya Bukavu inaandikia fondasio (mashirika ya ufadhili) za watu binafsi, na ninyi wadogo zetu ndio mnaotangulizwa na kompyuta. Sawa. Ila makosa mnayoyafanya nayajua yote, maana mengine niliyaanza mimi.

1. Msimu A, ule wa kupanda Septemba, hausubiri benki ilete pesa. Mbegu za maharagi zikifika Novemba, hizo ni mboga. Watu watazipika, na msiwanunie.

2. Mbegu nunueni kwa wakulima wa pale pale, na piteni kwa watu wa INERA, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, kabla ya kuandika jina la aina yoyote. Mmoja wenu (anajijua) alipeleka maharagi yanayopanda miti kwenye kilima ambako vijiti vilikwisha zamani kwa makala ya kupikia. Yalitambaa chini kama viazi vitamu. Picha tumeificha.

3. Shamba. Hapa mnivumilie.

Mwaka 2013, Walungu. Fondasio moja ndogo ya Ulaya ilitupa pesa ya kurudisha rutuba kwa akina mama 40. Nilikuwa na miaka sita kazini, buti mpya, na mdomo. Tulichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, tukapanda nyasi za tripsakumu kwenye kingo na miti ya kaliandra juu yake. Kila mama alikuwa na shimo la mboji. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu kama tofali. Baada ya misimu miwili ukawa mweusi, ukiushika unavunjika mkononi kama keki. Maharagi yalitoka hadi wapita njia wakasimama kuuliza.

Sikuuliza hata siku moja kila mama alilipataje shamba lake. Mnajua bwasa: unalipa, unalima msimu au mwaka, unaondoka. Hupandi mgomba wala mti, kwa sababu anayepanda mti anadai ardhi. Mwenye kalinzi, yaani aliyelipa ng'ombe kwa chifu apate ardhi, ndiye mwenye haki, na haki hiyo hupita kwa watoto, hasa wa kiume. Sheria ya 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali; nendeni mkamwambie hivyo mzee wa Walungu aliyeshika fimbo. Karibu akina mama wangu wote walikuwa kwenye bwasa. Na mimi nilikuwa nimewapandishia kaliandra.

Baada ya mavuno ya msimu B, ule wa pili wa mwaka, wenye mashamba walikuja mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Mmoja alinisalimia, "Asante sana, Agronomu, umetutengenezea." Kaliandra waling'oa. Mitaro waliiacha, ilikuwa mizuri.

Asubuhi moja nilimkuta Mama Prezida wa kikundi ndani ya shimo lake la mboji, amepiga magoti, anachota kwa mikono na kutia kwenye mfuko wa saruji. Alitaka angalau aihamishe. Mwenye shamba alisimama juu ya shimo: majani yalikatwa shambani kwake, basi mboji ni yake. Mama Prezida hakubishana. Alimwaga mfuko, akaukung'uta vizuri, akaukunja, maana mfuko ulikuwa wake. Akaniambia, "Mwana wangu, wewe ulisoma. Kwa nini hukutuuliza?"

Hiyo ni nusu ya aibu. Nusu nyingine niliifanya mezani: nikaandika ripoti. "Kaya 40 zimefikiwa, mita kadhaa za mitaro, rutuba imeongezeka." Kila neno kweli, na ripoti nzima uongo. Mwaka uliofuata mama wa fondasio alikuja, akaomba kuwaona wale 40. Nilimwambia njia ni mbovu. Alipojua, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kulikuwa na rubriki (fungu la bajeti) ya yasiyotarajiwa ambayo hatukuigusa, na ingetosha kukaa na wenye mashamba na chifu, kuandika mikataba ya miaka mitano, na kulipa kodi yake. Pesa ilirudi kwao. Mimi nilibaki na buti.

Siku hizi mkataba wa shamba ni shughuli ya kwanza katika kila mradi wangu, na mwenye shamba namwalika kwenye mkutano, namlisha, anasaini mbele ya chifu na majirani.

4. Ombeni miaka. Fondasio ya Rockefeller ilianza kazi yake ya mazao Meksiko mwaka 1943. Norman Borlaug, mtafiti wao wa ngano, alipata Nobeli mwaka 1970. Miaka 27! Na hata hivyo walionufaika zaidi walikuwa wenye maji na pesa ya mbolea. Ninyi mnaahidi "kubadilisha mfumo wa chakula" kwa miezi 12, kwa mti ambao hata ukipandikizwa vizuri unakaa miaka mitatu au minne kabla ya kuwapa la kula.

5. Wekeni rubriki ya barabara. Gunia likitoka shambani linalipiwa kila bariere (kizuizi cha njiani), na likifika soko la Kadutu, Bukavu, mama anakubali bei yoyote kwa sababu jua linazama na nyumba yake ni mbali. Ghala dogo lenye paa zuri limewahi kunisaidia kuliko semina saba. (Semina zina perdiem, posho ya siku, najua.)

Stazhere alienda Kabare juzi kwa pikipiki na daftari. Jana jioni akanipigia, upepo unavuma kwenye simu.

"Papa, kati ya 30, wenye shamba lao ni wanane."

"Na wengine?"

"Bwasa. Sasa avoka tunazifuta?"

Nikamwambia asifute kitu, apite kwanza kwa chifu kusalimia, na asiende mikono mitupu.