Jibu: Kwasa inayong'aa zaidi, mbona mistari yake haionekani sana?

Mkuu, umeuliza kama kwasa (kiini cha galaksi kinachong'aa kwa sababu shimo jeusi kubwa linameza gesi) yenye mwanga mkali lazima iwe na mistari mikali kwenye spektra, yaani rangi maalumu ambazo gesi yake hutoa mwanga ukitawanywa, na kama galaksi jirani zinachangia.

La kwanza ni kinyume. Mwaka 1977 mwanaastronomia Jack Baldwin alionyesha kwamba kadiri kwasa inavyong'aa, mstari wa kaboni iliyopoteza elektroni tatu unazidi kumezwa na mwanga wa sahani ya gesi inayozunguka shimo jeusi. Mstari wenyewe unakua, ila sahani inauacha nyuma. Karabai za wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi nazo mbalamwezi huzifunika, japo mafuta ni yale yale. Sababu inayotajwa sana: shimo kubwa huwa na sahani yenye joto pungufu, hivyo mionzi mikali ya kung'oa elektroni inapungua.

Majirani? Hawaigusi moja kwa moja gesi inayotoa mistari hiyo, iliyo karibu kabisa na shimo. Kwasa ndiyo inayowasumbua wao, mionzi yake ikizing'oa elektroni atomi za haidrojeni zilizo mbali nayo.

Mbingu ikitakata, tafuta kwasa iitwayo 3C 273 kwenye kundinyota la Mashuke. Darubini ya inchi 8 inatosha.