Mikutano ya madizaina ina faida gani?

SWALI: Habari mhariri, mi natengeneza apu za simu, nasikia kuna mikutano ya jioni ya madizaina wanaongelea watumiaji na watu wenye ulemavu, sasa nikienda ntapata nini ambacho siwezi kusoma mwenyewe mtandaoni?

JIBU: Kusoma utasoma tu, kwamba mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na wenye ulemavu, ulitoka 2023, kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma angalau 4.5 kwa 1, yote yapo. Ila ukae pembeni ya mtu asiyeona afungue apu yako kwa TalkBack, kile kisomaji cha skrini cha simu za Android, simu inamsomea "kitufe, kitufe, kitufe" basi, hajui kipi cha kulipa kipi cha kufuta maana hukuvipa majina, hapo ndo utaelewa. Kwenye slaidi huipati hiyo. Kwa hiyo tafuta mkutano ambao wenye ulemavu wenyewe wanashika maiki, ile ya kuonyeshana kazi na kupeana bizinesi kadi mi naona ni kupoteza jioni. Uliza mapema kama kuna mkalimani wa lugha ya alama na kama kiti cha magurudumu kinaingia ukumbini, utacheka lakini watu wanaongelea ufikivu, yaani vitu kufikika na kutumika na wenye ulemavu, wakiwa ghorofani na lifti hakuna! Ukikosa wa karibu, Alhamisi ya tatu ya Mei ni siku ya kimataifa ya uelewa wa ufikivu, ilianza 2012, vikundi vingi huandaa kitu. Na apu yako nenda nayo hivyohivyo, hata kama haijaisha.