Je, haki ya afya inaipa serikali mamlaka juu ya mwili wangu?

Ndugu, umeuliza: kama afya ni haki yangu, serikali inapata wapi uwezo wa kunilazimisha nitibiwe? Wengi hukwama hapo kwa kudhani haki hii ni ya kupewa dawa tu.

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 kilifafanuliwa na kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000, nayo ikasema wazi kwamba ndani ya haki ya afya umo uhuru wa kuamua kuhusu mwili wako na kutotibiwa bila ridhaa. Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu anayekataa upasuaji, hata daktari akiumia kumwona anaondoka na uvimbe wake, anatumia haki hiyo hiyo.

Ugumu uko kwenye maradhi ya kuambukiza. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekohoa usiku kucha katika chumba anacholala na watoto hajiamulii peke yake. Lakini hata hapo serikali ianze na njia nyepesi: kumwelimisha, kumfuatilia ameze dawa, kumsaidia chakula (hili husahauliwa mno, na linaniuma). Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikuta Uswidi na kosa kwa kumweka hospitalini kwa lazima mtu mwenye VVU bila kupima kwanza kama njia nyepesi zingetosha. Kumfungia mgonjwa ni hatua ya mwisho, kwa muda maalumu, naye awe na pa kukata rufaa.