Mwanangu, umeniuliza habari ya Kampala

Wete, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykumu ssalaam. Ujumbe wako niliusoma baada ya isha, nikaurudia baada ya alfajiri. Unasema wenzio uliosoma nao Khartoum, ambao sasa wamehamia Kampala, wanakutaka uache kazi yako Unguja ukawashikie hesabu. Chungu chao cha mtaani kule Sudan, cha kulisha wenye njaa, kimekuwa jambo kubwa, wafadhili wanataka vitabu, na wao hawana mtu wa vitabu wanayemwamini. Umeniuliza neno moja tu, uende au usiende, ukataka nikupigie. Sipigi. Kwenye simu nitasema upesi, na neno langu likishatoka halirudi, unanijua. Naandika.

Chungu hicho nakijua tangu kilipotelekwa. Tarehe 15 Aprili 2023, vita vya Sudan vilipoanza, ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mimi nakuna nazi ya muhogo wa futari, na simu yako haishiki. Ulipopatikana siku ya tatu hukunitajia bomu wala bunduki. Ulisema, "Mama, tumekula adesi." Bibi mmoja wa mtaa, hamkujuana hata jina, alitoa sufuria lake mlangoni, vijana wakachangishana mkaa, na nyinyi wanafunzi mliojifungia ndani mkatiwa katika hesabu ya watu wa mtaa. Mpaka mliporudishwa nyumbani nikimwombea mwanamke yule kila nikifuturu, na hadi leo sijaacha. Kwa hiyo usinieleze takiya, hayo majiko ya mtaa, ni nini kama unayemwandikia mfadhili.

Ulinisimulia mwenyewe hapa barazani, na mimi nikaelewa kwa mambo yetu. Takiya zao zilikuwa za masufi, kama zawiya kwetu, mpita njia anakula haulizwi. Nafiri yao ni kama tunavyoalikana shamba au kuezeka nyumba ya mtu. Na vijana wenyewe walikwisha kujuana mtaa kwa mtaa tangu zile kamati za 2018 na 2019, walipokuwa wakimtaka Bashir, rais wao, atoke. Vita vilipoanza, serikali ikahama, mashirika makubwa yakaondoka Khartoum, nao wakabaki na vyungu vyao. Wakaviita vyumba vya dharura. Hawakusubiri mtu aje awafundishe.

Nani kala, nani mgonjwa, nani kajifungua jana, walikuwa wanajua. Hilo ndilo ninalolisema siku zote, na shangazi zako wamechoka kulisikia: mpishi amjue mlaji.

Nalisema kwa sababu ya mwaka wa meli. Wewe ulikuwa mdogo, uliona mambo kwa chini, kwa hiyo leo nikuoneshe kwa juu.

Meli ilizama usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, watu wamemaliza Idi wanarudi Pemba. Ami yako alikuwemo, na hilo linatosha. Mila yetu ni kwamba nyumba yenye msiba haiwashi moto, jirani ndiye anayepika. Lakini wiki ile jirani naye kafiwa, na jirani wa jirani kafiwa. Watu wamekaa na njaa yao, hakuna wa kumpikia mwenziwe.

Ndipo shoga yangu wa nyumba ya mbele, uliyekuwa ukimwita mama mkubwa, alipokuja na lile sufuria la maulidi, akaliweka uwani kwetu. Akaniambia toa mchele ulio nao. Nikatoa. Kila nyumba iliyoweza ikaleta kibaba, nyengine nazi, nyengine kuni tu. Tulipika siku 40, mimi na yeye, macho yametuvimba kwa moshi na kwa kulia, na wallahi sijapata kuwa karibu na mwanaadamu kama nilivyokuwa karibu naye siku zile. Siku ya pili tulipika mchuzi wa samaki. Mama mmoja akaitazama sahani, akairudisha. Wa pili akairudisha. Sisi tukafahamu bila ya kuambiwa. Watoto wao walikuwa hawajaonekana, wamo baharini, na wao hawawezi kutia samaki kinywani. Kuanzia hapo uwani kwetu hapakupikwa samaki. Ulikuwa mseto wa choroko, maharage na muhogo. Sasa nieleze, fomu gani ingeuliza hilo?

Habari ikaenda mbali. Jamaa zetu walioko Oman na Uingereza wakatuma fedha. Kisha wakaja wageni wa taasisi moja, watu wema kwa kweli, mmoja alilia tulipomwonesha uwani. Wakasema tujisajili, tuwe na mwenyekiti, katibu na mshika fedha, tufungue akaunti, tukodi chumba kiwe ofisi. Shoga yangu alikuwa mwalimu wa skuli, akawa katibu. Mimi nikashika fedha. Nilifurahi, nisikufiche. Niliona tumekuwa watu.

Wageni wakataka orodha ya mayatima, mwisho miaka 18.

Yuko kijana, simtaji, ulikuwa ukicheza naye mpira. Alikuwa ameipita miaka 18 mwezi mmoja kabla ya meli. Mama yake na dada zake wawili hawakupatikana hata maiti. Kila jioni akija na bakuli lake la bati, anapakuliwa, anakaa ngazi ya mlango wa nyuma anakula kimya. Shoga yangu akaiandika orodha bila yeye. Nikamwambia muandike 17. Akasema huo ni uwongo, na ukijulikana watakosa wote. Nikamwambia basi andika jina, miaka uiache. Akasema fomu haikubali. Tulipigiana kelele ofisini mpaka watu wakasimama njiani. Na alikuwa na haki, mwanangu. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikuwa na haki.

Orodha ikabandikwa mlangoni. Kijana akaisoma. Jioni ile hakuja. Nikampelekea chakula kwao, akafungua mlango nusu, akasema kwa adabu, "Mama, mimi simo," akaufunga. Chakula cha uwani hakikuwa na orodha! Lakini yeye angejuaje? Kwake mkono ulioandika na mkono uliopakua ulikuwa mkono mmoja. Mwaka haukwisha akaondoka Pemba. Shoga yangu na mimi tunaamkiana tu, na mlango wake unatazama wangu.

Lakini na la pili nilitaje, maana usiku hubishana nalo. Watoto wa orodha ile walipata sare na madaftari, wakasoma. Mmoja ni muuguzi sasa, ndiye aliyenipima presha mwezi uliopita, akanishika mkono mpaka nje. Kibaba cha mchele kisingemfikisha pale. Na lile sufuria letu ninalolipenda lilisita siku ya 40 kwa kuwa mchele uliwaishia watu. Njaa ilikuwa bado ipo. Shoga yangu aliniambia hivyo siku ya ugomvi: "Mapenzi yako yana siku 40." Sijamsamehe kwa neno lile, na sijapata jawabu lake.

Na Sudan si Wete. Watu waliohama nyumba zao huko wamepita milioni 10. Kambi ya Zamzam, karibu na mji wa al-Fashir, ilitangazwa kuwa na baa la njaa mwaka 2024. Mtu wa al-Fashir aliyefika kula ambazi, mashudu ya njugu wanayolishwa wanyama, utamwambia angoje mpishi amjue kwanza? Hapana. Hapo hata mimi nanyamaza.

Ila nimetazama kilichotokea. Mwanzoni chungu chao kilitegemea mtaa wenyewe na jamaa walio nje, fedha zinapita kwenye simu kwa ile Bankak, programu ya benki yao. Februari 2024 mitandao ikakatwa, vyungu vingi vikazimika, kwa kuwa fedha hazina njia. Kisha misaada mikubwa ikawafikia, vikawaka vingi zaidi. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na vyungu zaidi ya 1,100 vikafungwa. Chungu cha bibi yule kilikuwa kinaogopa kukosa mkaa. Sasa kinazimwa na saini iliyotiwa Washington na mtu asiyejua adesi inavyonukia. Mwaka huohuo vijana wa vyumba vya dharura wakapewa tunzo ya kimataifa, Right Livelihood, na wanaistahiki. Nilifurahi kama waliopewa wanangu. Lakini tunzo haipakuliwi.

Na liko jambo moja linaivuruga hata kauli yangu. Majeshi yote mawili yanayopigana yamewakamata vijana hawa, na wengine wameuawa, kila upande ukidai wanatumikia upande wa pili. Kwa hiyo huko jina likiandikwa kwenye karatasi linaweza kumfikisha mtu pabaya. Mpishi amjue mlaji, ndiyo, lakini amjue moyoni, daftari lisimjue. Na wewe ndiye utakayeshika daftari. Mfadhili atakutaka majina, na hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa kama yule aliyelia uwani kwetu. Utampa nini? Hili ndilo ningependa uwaulize wenzio kabla ya mshahara na kabla ya nyumba ya kukaa: orodha anaiandika nani, na asiyemo anapakuliwa na nani.

Utasema, mama, nimekuuliza njia, wewe umenieleza jiko. Najua. Neno langu ninalo, liko tayari tangu ile alfajiri. Nililiandika hapa, na pale palipokatwa kwa wino usipaelekeze kwenye taa. Marehemu baba yako angekujibu kwa mstari mmoja. Lakini Khartoum nilikuchagulia mimi. Wewe ulitaka Dar es Salaam, mimi nikasema Jamia ya Khartoum, dini na dunia pamoja, nikauza karafuu zote za msimu ule. Nikakupeleka vitani kwa mkono wangu, na mwanamke mwengine ndiye aliyekulisha. Sikuchagulii tena mji. Nazuia ulimi, na Mungu anajua ninavyouzuia.

Mtafute bibi yule. Uliza kama yu hai, kama yuko Khartoum au kahama, na kama mlangoni kwake bado panapikwa. Hao wenzio wakilijua jibu bila ya kufungua karatasi, niandikie. Wasipolijua, niandikie pia.

Barua hii anakuletea binamu yako kwa boti ya Alkhamisi, pamoja na halua na ule muhogo mkavu. Muhogo usiuweke kwenye friji.

Mama yako